Giza Nililokutengenezea Katito

Otieno, mume wangu wa miezi minne,

Nimeliandika neno hilo, mume, halafu nikaweka kalamu chini nikalitazama. Bado linanichekesha kwa raha. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha nne angeniambia niendelee na barua, lakini yeye hakuolewa na wewe.

Barua hii haina siri. Mama yako nimemsomea. Mzee Opiyo, mkubwa wako pale kwenye chumba cha giza cha eksirei, ameisoma mwenyewe na kunisahihisha mahali pawili. Ukitaka, mtafsirie daktari wako huko ng'ambo na manesi wote wa wodi hiyo. Nataka kila mtu ajue ninachokuambia: usibaki huko. Rudi nyumbani. Uliandika kwamba nyumba yetu haiwezi kukupokea kwa sababu ya jua. Jibu langu limo ndani ya bahasha hii, kwenye ile karatasi nyeusi iliyokunjwa. Usiifungue sasa. Nisome kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa nimeteleza kwenye mawe nikianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwetu Uyoma pale Luanda Kotieno, nikaangukia mkono, na baba akanileta hospitali Kisumu. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimeubeba mkono wangu kama mtoto wa mtu mwingine. Wewe ukatoka ndani na picha yangu, bado inadondosha maji, ukaiinua dirishani.

"Mfupa umepasuka kidogo tu," ukasema. "Lakini vidole ni vizuri. Na hakuna pete."

"Haionekani kwa sababu haipo," nikakuambia.

"Ndiyo maana nimeuliza."

"Hujauliza."

"Basi nauliza."

Baba alikuwa hapo hapo! Aliangalia dari muda mrefu sana, yule mzee, kama mtu aliyeona nyoka. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Huyo kijana amekuona mifupa kabla hajakuona sura. Huyo hatashangazwa na kitu."

Nilipokuja kutolewa plasta ulinionyesha chumba chako cha giza. Ulinieleza kwamba giza halionwi kwa macho, linapimwa. Ukakata kipande cha filamu ambayo haijatumika, ukakilaza mezani, ukaweka shilingi moja juu yake, ukaanza kuhesabu. Kama kuna ufa wowote unaoingiza mwanga, ulisema, filamu itakuwa nyeusi ikioshwa kwenye dawa, isipokuwa pale shilingi ilipofunika. Pale patabaki peupe, duara zuri. "Ukiona shilingi, kuna mwizi ameingia. Usipoona kitu, chumba ni kizima."

Ukahesabu: "Moja Nyar Uyoma, mbili Nyar Uyoma, tatu Nyar Uyoma." Binti wa Uyoma. Kwenu mke huitwa kwa kule alikotoka, nami sikuwa mke bado, ulikuwa unajaribu tu kama jina linanikaa. Otieno, linanikaa! Ulikuwa umefika ishirini na tisa, na mkono wako umeshaukuta wangu, wakati sauti ilipotoka pembeni kabisa, kavu kama karatasi.

"Ishirini na tisa umeisema mara tatu, kijana. Hesabu vizuri, filamu haijui mapenzi."

Mzee Opiyo! Alikuwa humo muda wote, anaosha picha za watu kimya kimya. Nilitamani sakafu inimeze. Wewe ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, na hapo ndipo nilipojua nitaolewa na wewe. Mtu anayeaibika huku anacheka hawezi kuwa mtu mbaya.

Halafu harusi yetu. Nitaisimulia hata nikiwa bibi kizee. Tulikaa mbele ya watu wote wa kanisa, tukaletewa samaki mzima, ngege, na wewe ukaanza kutoa miiba. Mmoja mmoja, kwa vidole, kama unavyoshika filamu. Kila kipande kizuri ulikiweka kwenye sahani yangu. Mashangazi zako wakapiga vigelegele. Mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Wanaume, mnaona? Mnaona kazi ya mikono?" Mimi nilikula samaki wote nikiwa malkia. Niliwasimulia wenzangu wa shuleni, niliwaandikia barua mbili kuhusu samaki huyo.

Wiki ya tatu nilikukuta nyuma ya jiko. Ulikuwa umeloweka ugali kwenye mchuzi mpaka ukawa uji, na bado ulikuwa unautema chini, jasho limekujaa usoni.

"Usimwambie Mama," ukasema.

Hapo nikaelewa samaki wa harusi. Nikaelewa kila kipande. Ulinipa chakula chako kwa sababu hakikupita, na ukakipa sura ya mapenzi ili nisiogope. Nilikasirika nawe kwa dakika kumi hivi. Baadaye nikajiambia, mtu anayeweza kubeba maumivu siku ya harusi yake na kuyageuza kuwa furaha yangu, huyo simwachii ugonjwa. Nilikushika mkono tukaenda Kisumu siku hiyo hiyo, si unakumbuka?

Daktari alipitisha ule mpira wenye taa kooni mwako, akaona uvimbe kwenye njia ya chakula. Mdogo, alisema, na bado mchanga. Kuupasua ni kazi kubwa ya kufungua kifua. Lakini alikuwa na rafiki ng'ambo, kwenye hospitali ambako wanaijaribu dawa inayoamshwa na mwanga, na walikuwa wanatafuta watu wenye uvimbe mdogo kama wako. Aliandika barua mbele yetu. Tiketi ilipokuja, Mama alidhani ni kadi ya Krismasi imepotea njia.

Barua zako zote ninazo chini ya mto. Ile ya kueleza dawa nimemsomea Mama mara nne. Ulisema dawa imefungwa ndani ya matone ya mafuta madogo kupita kiasi, kwamba hata yakirundikana kwenye ncha ya sindano jicho haliyaoni. Yanachomwa mkononi, yanazunguka na damu mwili mzima, kisha sehemu zisizo na ugonjwa zinayaacha yapite, lakini uvimbe unayashika hauyaachii. Hapo dawa inalala. Haifanyi kitu. Mpaka ipigwe na mwanga.

Mama aliuliza, "Sasa inajuaje mahali pa kwenda?"

Nikamweleza kwa mambo ya kwetu Uyoma. Kule ziwani wavuvi wa omena huwasha taa za karabai juu ya maji, na omena hujikusanya wenyewe chini ya mwanga. Dawa yako inafanya kinyume: inajikusanya kwanza gizani, halafu ndipo taa inaletwa.

Mama akafikiri. "Basi hao wazungu wamesoma Uyoma wakakosea," akasema. Lakini niliona amefurahi, kwa sababu siku iliyofuata nilimsikia akimweleza jirani habari hiyo kama yake.

Na ile barua ambayo ilinifanya nikae chini! Walipoingiza mwanga wa buluu kooni mwako kutazama, uvimbe wote uling'aa mwekundu, wakakuonyesha kwenye televisheni ndogo. Uliandika: "Nimejiona ndani, Nyar Uyoma. Ugonjwa umejitangaza wenyewe, mpaka kwenye kingo zake, kama kaa la moto. Miaka yote nimeosha picha za watu, sijawahi kuona picha kama hii." Halafu wakaleta mwanga mwekundu, dakika chache tu, mwanga usio na moto, na dawa ikaamka mle mle ilimolala ikauchoma uvimbe kutoka ndani. Uliandika hayo kwa furaha ya fundi. Mimi niliyasoma nikiwa nimeshika shingo yangu mwenyewe.

Sasa nafika kwenye barua ya mwisho, ile niliyoisoma mara tatu nikakasirika mara tatu. Koo limevimba, unaishi kwa maziwa. Uvimbe umekufa kwa juu, umekuwa mweupe, na watatazama tena baada ya wiki sita. Hayo nimeyapokea. Lakini dawa iliyobaki kwenye ngozi bado iko macho, na jua ndilo taa kubwa kuliko zote. Ulisema kuna mgonjwa mwenzako aliyekaa dirishani kusoma gazeti, na mikono yake ikavimba ikatoka malengelenge. Daktari anakuruhusu uzimalize wiki hizo nyumbani, na daktari wetu wa Kisumu akutazame, ikiwa tu kutakuwa na uhakika kwamba nyumba haiingizi jua. Taa ndogo inaruhusiwa, ulisema, tena ni nzuri, inaimaliza dawa ngozini polepole. Jua ndilo haliruhusiwi. Anataka jibu kabla ya kukata tiketi.

Na wewe ukajijibu mwenyewe! "Nitabaki hapa peke yangu. Pale Katito jua linaingia mpaka chini ya kitanda. Usijisumbue."

Otieno. Nisijisumbue? Sasa nilipokubali mbele ya madhabahu nilikubali nini, keki?

Siku ile ile nililala kitandani saa sita mchana nikatazama juu. Ni kweli. Mabati yale yalitoka kwenye ghala kuukuu la marehemu baba yako, na kila msumari wa zamani umeacha tundu. Nukta za mwanga zilijaa blanketi. Unakumbuka asubuhi zetu za kwanza, ulivyokuwa ukizifuata kwa kidole kwenye mkono wangu zikitembea? Ulisema umenioa na nyota za mchana. Nilizipenda nukta zile kuliko pazia lolote. Nilizitazama mara ya mwisho, nikaziaga, nikaenda kutafuta gundi.

Fundi wa baiskeli pale sokoni Katito alinikatia viraka vya tyubu, akasema hata kwenye tairi la lori havitoki. Nilipanda juu ya meza, na juu ya meza stuli, nikabandika kutoka ndani mchana kutwa. Kesho yake saa saba bati lilipata moto, gundi ikalainika, na viraka vikaanza kuanguka kitandani. Pa! Pa! Pa! Mama akaita kutoka nje, "Nani anakupiga makofi humo?"

Nikaazima ngazi ili nizibe kwa juu. Nilikuwa nimeweka mguu kwenye kidato cha kwanza Mama alipokuja mbio, na unajua Mama hakimbii.

"Shuka!"

"Mama, ni misumari tu."

"Shuka nimesema. Mke hapandi paa la nyumba ya mume wake aliye hai. Ukikanyaga hapo juu umesema mwanangu harudi. Umenisikia? Umelisema kwa miguu."

Nilitaka kubishana. Mimi nimesoma, nilijiambia, bati halijui ni nani amelipanda. Lakini nikamwangalia uso wake, nikaona kwamba yeye pia analala akihesabu siku, na sikuwa na haki ya kumwongezea hata moja. Nikashuka. Akashika ngazi ile akairudisha mwenyewe kwa mwenye ngazi.

Basi nikaenda Kisumu kwa Mzee Opiyo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba cha giza. Alifungua kabati la chini akatoa rundo la karatasi nyeusi, zile zinazofunga filamu ndani ya maboksi, ambazo ninyi huwa mnatupa. Alianza kuziweka tangu siku uliposafiri, bila kujua za nini.

"Nilikuwa naona vibaya kuzitupa," akasema. "Hii karatasi haijawahi kuingiza hata nukta. Mfunike nayo mume wako."

Niliangua kilio mbele yake, akanipa kitambaa kinachonuka dawa ya picha. Kinanuka kama wewe! Sijamrudishia.

Nilizibandika madirishani kwanza. Na hapa ndipo lilipotokea lile jambo ambalo Mama amenikataza kuliandika, nami naliandika. Wanawake wa kanisa walipita barabarani wakaona nyumba ya bibi harusi imevaa nyeusi saa sita mchana. Hawakuuliza mtu. Walikwenda makwao wakarudi sita, vitambaa kiunoni, wamebeba unga na majani ya chai, na yule wa mbele ameshaanza kuimba kwa sauti ya chini.

"Pole, mwanangu," akaniambia, akanikumbatia. "Tumesikia kwa macho."

Nilishindwa kuelewa. Mama akaelewa kabla yangu. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

Yule wa mbele akaacha kuimba.

"Nauliza, nani amekufa hapa kwangu? Mwanangu anakunywa maziwa ng'ambo! Nilimzaa usiku ndiyo maana anaitwa Otieno, giza ni la kwake, anarudi kulikaa. Mmeleta unga?"

"Tumeleta, Mama Otieno."

"Wekeni sufuria motoni. Huo unga tunapikia gundi."

Na ndivyo ilivyokuwa, mpenzi wangu. Unga wa matanga yako tuliupika uji mzito tukaupaka kwenye karatasi nyeusi, tukakandika bati lote kwa ndani, tabaka mbili. Uji haulainiki kwa joto, unakauka tu na kushika zaidi. Wale wanawake waliokuja kulia walisimama juu ya meza yetu wakicheka, mmoja uji unamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama hakuingia chumbani, kwa sababu ni chumba cha mwanawe na mkewe. Alisimama kizingitini na beseni, ameupa mlango mgongo, anatoa amri.

"Kushoto umeacha!"

"Mama, kwani unaona?"

"Sioni. Lakini wewe una tabia ya kusahau kushoto."

Nilitazama. Nilikuwa nimesahau kushoto.

Siku iliyofuata nilirudi kwa Mzee Opiyo anikatie kipande cha filamu gizani na kukifunga. Saa sita kamili, jua likiwa juu ya paa letu kabisa, nilijifungia chumbani, nikafungua filamu kwa kupapasa, nikaweka shilingi juu yake, nikahesabu. Moja Otieno, mbili Otieno. Nilifika mia tatu bila kurudia hata moja, mwambie mtu fulani.

Niliifunga tena gizani nikampelekea Mzee Opiyo, na alipoiosha shilingi ilikuwepo. Duara zuri, jeupe, kama mwezi. Yeye akaigeuzageuza.

"Kivuli kimelala upande mmoja," akasema. "Mwizi wako hatoki juu. Anatambaa. Umeziba mbingu, binti, ukasahau chini ya mlango."

Nikarudi. Nilishona mfuko mrefu nikaujaza mchanga, nikaulaza chini ya mlango. Kisha nikatundika mablanketi mawili ndani, moja nyuma ya jingine, kama yale mapazia mawili ya kwenye chumba chako cha giza, ili mtu akiingia jua lisiingie naye. Nikaomba kipande kingine cha filamu. Saa sita tena. Shilingi ile ile. Safari hii nilihesabu mpaka mia sita, kwa sauti, na Mama nje akawa ananijibu kila ikifika mia: "Eee!"

Otieno, sitakudanganya kwamba siogopi. Sijui daktari ataona nini kooni mwako baada ya wiki hizo sita. Huwa naamka asubuhi nikiwa na furaha, halafu nakumbuka, halafu nafurahi tena kwa makusudi, kama mtu anayewasha jiko lenye kuni mbichi. Lakini nimeamua hivi: kungoja ni kwako na kwangu, na tutangoja chini ya paa moja. Kama habari ni njema, nitaisikia mkono wangu ukiwa ndani ya wako. Kama si njema, hivyo hivyo.

Nimepanga yote. Vaa kofia, glavu, na kitambaa usoni, hata kama watu wa ndege watakucheka. Daktari wetu wa Kisumu ameahidi gari lenye pazia, litakuleta mpaka mlangoni jua likiwa bado halijatoka. Ndani kuna koroboi moja, nimeipunguza utambi, na kitanda, na mimi. Matajiri wakioana huenda fungate hotelini, wanakaa siku saba wanachoka. Sisi tutakaa wiki nyingi gizani na hakuna atakayetuona! Nitakupikia uji mwepesi. Koo likifunguka, nitakuchemshia ngege mpaka alainike, nami nitatoa miiba, mmoja mmoja. Sasa ni zamu yangu.

Basi, fungua ile karatasi nyeusi. Ni filamu ya mara ya pili, Mzee Opiyo ameiosha na kuikausha mwenyewe. Usiipeleke dirishani! Nakujua, mkono wako umeshaanza kuinuka. Mpe nesi aiinue yeye, wewe ukiwa mbali na mwanga, na umuulize anaona nini.

Ataigeuza huku na huku. Atakuambia haina kitu, labda mkeo amekosea kufunga bahasha.

Mwambie daktari akate tiketi.

Mkeo anayekungoja saa sita mchana, gizani,
Nyar Uyoma